Mkono wa kuzika: mimi, mpira wa ndani na muuza maua

Mwenye haraka achukue hili aende zake: mpira ni ua zuri la kuweka ndani, halina makuu, na laiti ningeuziwa na mtu mwingine nisingekuwa na la kuandika. Naandika kwa sababu ya maneno matatu niliyoambiwa mbele za watu. Nimejaribu kuyameza, hayashuki.

Mambo yalianzia saluni. Nimekaa nasukwa, pembeni ya kioo kuna mpira umekaribia dari, majani mapana, kijani kilichokolea mpaka kinaelekea weusi, yanang'aa utadhani yamepigwa rangi ya kucha. Nikamuuliza dada mwenye saluni anautunzaje. Akasema anaumwagilia akikumbuka. Basi, hapo nikanasa. Kitu cha kumwagiliwa kwa kukumbuka ndicho kinachonifaa mimi, mtu wa kutoka Sinza asubuhi na kurudi usiku.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kwenye kitalu kimoja kando ya barabara, jina nabaki nalo. Jamaa anayeuza ana ulimi, hilo nampa. Alinitolea mpira unaonifika kifuani, una majani 14 (niliyahesabu, na nashukuru niliyahesabu), akaupitisha kitambaa mbele yangu mpaka nikaona taa ya kibandani kwake ndani ya jani. Akaniambia, "Dada, mpira haufi. Huu hata ukisafiri mwezi, unarudi unaukuta unakusubiri." Halafu bila hata kupumua akaongeza, "Mwagilia kikombe kimoja kila asubuhi." Ua lisilokufa ukisafiri mwezi linataka kikombe kila asubuhi cha nini? Swali hilo nilikuja kuliuliza wiki nyingi baadaye, peke yangu, nimeshika ufagio.

Kisha akanionyesha chungu. Cha kauri, cheupe, kina mistari ya bluu, na kwa kweli ni kizuri. Akakigonga kwa kifundo cha kidole kikalia kama bakuli la harusi. "Hiki hakina tundu, dada. Hakitakuchafulia marumaru." Alilisema kama sifa. Na mimi nikalipokea kama sifa. Mpira 60,000, chungu 45,000, bajaji 7,000, na kijana wake akaupanda palepale nikiwa naongea na simu. Hiyo simu nayo ina mchango wake katika msiba huu.

Nyumbani niliuweka mahali ambapo mgeni akifungua mlango tu anauona: kando ya runinga, mbali na dirisha, chini ya kiyoyozi. Najua, najua. Hilo kosa ni langu, sitamtwika mtu. Mpira unataka mwanga mwingi usio wa jua kali, na hautaki kupulizwa baridi kavu usoni usiku kucha. Mimi niliupa giza na baridi. Lakini twende polepole, maana mwanga peke yake usingeufikisha ulikofika.

Jani la kwanza la chini liligeuka njano nikasema ni uzee. La pili nikasema ni ugeni, hata mtu akihamia mji mpya hukonda kidogo. La tatu likaanguka usiku. Sasa, anayejua majani ya mpira anajua kwamba hayaanguki kama majani mengine. Ni manene, mazito, yana ngozi kama ya kiatu. Likidondoka kwenye marumaru linatoa mlio, pa!, kama mtu kavua kandambili. Niliamka nikakaa kitandani moyo unadunda, nikijua kuna mtu sebuleni. Usiku wa pili, pa! Baada ya hapo nikawa silali, nasubiri.

Na nilifanya nini? Nikaongeza maji. Majani yalikuwa yamelegea, yameinama, na mtu yeyote mwenye huruma akiona jani limeinama anasema lina kiu. Kikombe kikawa viwili. Huo ndio mtego wa mpira, na nimeuelewa kwa machozi: mizizi ikikaa ndani ya maji inakosa hewa, inaoza, na mzizi uliooza haunywi. Kwa hiyo mmea unaona kiu ukiwa katikati ya maji. Wewe unaona kiu, unaongeza kikombe, na kikombe ndicho kinachoua.

Yalipobaki majani matano nikakusanya yale tisa kwenye mfuko wa kaki nikarudi kitaluni. Sikwenda kugombana. Naapa. Nilikwenda kuuliza kwa adabu nimekosea wapi, kama mtu anavyokwenda duka la dawa.

Nilimkuta na wateja watatu: mama mmoja wa makamo aliyevaa dera la zambarau, na vijana wawili, mke na mume nadhani, wanachagua maua ya nyumba mpya. Nikafungua mfuko nikamwonyesha. Akachungulia, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kituo cha daladala, "Dada, umeniletea kachumbari?" Vijana wakacheka. Nikajikaza, nikamweleza: nimemwagilia kama ulivyosema, kila asubuhi. Akatikisa kichwa kwa masikitiko kama daktari, akasema, "Mimi nilikuuzia mzima. Ua linataka mkono. Kuna watu wana mkono wa kupanda, na kuna watu wana mkono wa kuzika."

Mkono wa kuzika.

Yule mama wa dera aliiangalia mikono yangu. Hakucheka hata kidogo, ndiyo maana iliuma zaidi. Aliiangalia kwa makini, kulia kisha kushoto, halafu akasogeza mche wake wa mrehani kidogo upande wa pili.

Lazima mjue neno hilo limemwangukia nani. Bibi yangu, Muheza, alikuwa anaitwa na majirani aje kutia mbegu ya kwanza mashambani mwao kabla mvua hazijashika, kwa sababu mkono wake ulikuwa unaaminika. Akipanda mhindi unaota, akichomeka kijiti cha muhogo cha kuegemeza ua wa nyumba kinaota. Mimi ndiye niliyepewa jina lake. Halafu mtu anayepaka majani mafuta ili yang'ae (nitakuja hapo) ananiambia mimi nazika!

Nilimpigia mjomba kulalamika, nikidhani atanipoza. Mjomba akauliza, "Mpira gani unawekwa sebuleni?" Kwake yeye mpira ni ile miti ya shamba la Kihuhwi, inayochanjwa gome kwa mshazari alfajiri na kuwekewa kikombe cha kukinga utomvu. Nikamweleza kuwa huo ni mwingine kabisa, asili yake Brazili, na majani yake hutoka matatumatatu kwenye kikonyo kimoja. Huu wangu umetoka Asia, upande wa India na Myanmar mpaka Indonesia, na ni ndugu wa mtini na mkuyu. Nao zamani uligemwa mpira kule Assam, kabla ule wa Brazili haujaushinda. Aliposikia mkuyu akanyamaza. Kisha, "Yaani umeingiza mkuyu ndani ya nyumba?" Mnajua wenyewe habari za mikuyu na wanaokaa humo. Ikabidi nianze kumtetea mgonjwa wangu badala ya kulalamika. Nikamwambia kule Meghalaya, India, watu wa kabila la Khasi wanaiongoza mizizi ya mti huuhuu ivuke mto, mwaka baada ya mwaka, hadi inakuwa daraja hai la kupita watu. Nikakata simu nikautazama wangu. Ndugu zake wanavusha vijiji, wenyewe umeshindwa kubeba majani matano.

Aliyeniokoa ni mzee anayetunza bustani ofisini kwetu. Nilimwamkia, nikamwonyesha picha kwenye simu, nikaanza kumweleza habari za majani. Akanikata. "Mwanangu, majani achana nayo. Nionyeshe miguu yake." Yaani mizizi. Nikamwambia sijawahi kuiona. Akanitazama vile wazee wanavyotazama watu tuliosoma.

Jumapili nikatandika gazeti barazani, nikaulaza mpira ubavu, nikavuta. Kwanza ilitoka harufu. Kama umewahi kusahau kunde ulizoloweka, ukafunua siku ya nne, ndiyo hiyo. Chini ya chungu kulikuwa na maji ya rangi ya chai ya rangi, kina cha vidole vitatu, hayana pa kwenda kwa sababu, kama tunavyokumbuka, chungu hakina tundu, sifa yake kubwa. Halafu nikaona kitu cheusi kinang'aa. Nikadhani ni gome. Nikakivuta kikanyooka kama mpira wa kufungia, nikagundua ni nini.

Kiriba.

Ulipandwa na kiriba chake! Ule mfuko wa plastiki ambao mche umekulia kitaluni, mfuko ambao hata mtoto wa darasa la tatu aliyewahi kupanda mti siku ya usafi anajua kwamba unachanwa kwanza. Kijana wa jamaa alikuwa ameutumbukiza mzimamzima, akajaza udongo pembeni na juu, akashindilia, akapokea asante yangu. Mizizi ilikuwa imezunguka ndani ya mfuko mara tatu, nne, kama nyuzi kwenye kibiringo, inatafuta pa kutokea. Michache iliyopenya kwenye vitundu vya chini ndiyo iliyotumbukia kwenye lile dimbwi. Nilipoishika, ngozi ilivuka ikabaki vidoleni kama maganda ya maharage.

Nilikaa barazani na kiriba mkononi nikiongea peke yangu. Mkono wa kuzika. Nani kazika? Nani kavika sanda?

Nikapiga picha nne nikamtumia WhatsApp. Alama mbili zikawa bluu saa ileile, kisha kimya siku mbili. Hapo ndipo nilipoandika tathmini yangu ya kwanza, nyota moja, maneno mengine nisiyoweza kuyarudia hapa kwa heshima ya wakwe zangu ambao nao wanasoma.

Tiba yenyewe nitaipitia haraka, maana haina ajabu. Mzee alinielekeza: mizizi ya kahawia inayobonyea, kata yote, ile myeupe iliyokaza, iache. Utomvu unatoka mweupe kama tui, unaganda kama gundi, uliniwasha katikati ya vidole na kanga niliyovaa haijatoka doa mpaka leo. Vaa glavu, na kama una paka au mbwa anayetafunatafuna, usimwache karibu, hauwafai. Udongo nilichanganya mweusi, mchanga wa mtoni na makumbi ya nazi niliyoyachambua kwa mkono. Chungu kikawa ndoo ya rangi ya zamani, nikaitoboa matako kwa msumari uliopashwa kwenye jiko la mkaa. Mbaya kwa macho, lakini maji yanapita. Nikausogeza kwenye dirisha la mashariki nyuma ya pazia jepesi, mbali na kiyoyozi, na nikaambiwa niuache. Kuuacha ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Sasa namwagilia pale tu nikichomeka kidole mpaka kiungo cha pili nikakuta pakavu: wakati wa joto kama mara moja kwa wiki, mvua zikinyesha hata siku kumi zinapita.

Yale mafuta sasa. Nilipofuta majani matano yaliyosalia kwa kitambaa kibichi, kitambaa kilitoka cheusi na kinateleza. Ule mng'aro wa kibandani ulikuwa mafuta, ya kula kwa harufu yake. Vumbi lote la Sinza lilikuwa limenasa humo, na jani hupumua kwa vitundu vyake. Mafuta yakivifikia, yanaviziba. Jani la mpira linang'aa lenyewe likifutwa kwa maji matupu. Halihitaji kukaangwa.

Siku ya tatu jamaa akajibu, kwa ujumbe wa sauti. Nyuma yake mtoto analia, kuna mtu anapiga nyundo. Akasema kijana aliyenipandia alikuwa mgeni wa kazi, keshamsema, akasema pole, akasema niende na chungu anitobolee bure na mche mwingine atanipunguzia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya yule mchekeshaji. Nikaisikiliza mara mbili. Nikafuta ile tathmini nikaandika nyota tatu. Mtu akikiri, umfanyeje? Ila mtaona: kiriba alikiri, chungu alikiri, mkono hakuugusa.

Nikaenda. Chungu kilikuwa kimeshakuwa makazi ya miavuli, nikakitoa. Na hapa lazima niseme ukweli hata kama unaniudhi: yule bwana anajua kutoboa kauri. Alikipindua juu ya gunia, akabandika kipande cha selotepu ili keekee isiteleze, akazima ile nguvu ya kugongagonga, akaanza polepole, pembeni kijana (yule yule, nilimtambua, na yeye akanitambua akaangalia chini) anadondoshea maji ili kauri isipate moto ikapasuka. Dakika kumi hakuna aliyeongea. Likatoka tundu la mviringo, halina hata ufa wa unywele. Akalipitisha msasa, akanipa kigae cha kuweka juu yake, udongo usitoke. Akakataa hela. Nilikuwa tayari kumpa nyota tano. Nilikuwa nimeshatoa simu.

Akapita mteja. Jamaa akanyoosha kidole kwangu, kwa upendo kabisa, kama anayetambulisha shemeji. "Huyu ndiye dada niliyekuwa nawasimulia, aliyeua mpira."

Niliyekuwa nawasimulia! Maana yake nimekuwa hadithi pale. Wiki zote hizo, wakati mimi napasha msumari jikoni, mimi ni kisa cha kuuzia maua. Na haukufa! Nilimwambia mbele ya mteja: haukufa, una kichipukizi. Kweli ulikuwa nacho, ala nyekundu iliyochongoka kama pilipili ndefu, na siku chache baadaye ikadondoka, jani likajikunjua ndani yake taratibu kama mkeka mpya. Akacheka, akasema, "Si nilikuambia mpira haufi?"

Nyota moja. Nimeirudisha nyota moja na haitoki.

Kwa hiyo ukitaka mpira, nunua, lakini nunua ukiwa umeshika mwenyewe. Pandisha mche juu uone kama kiriba kimechanwa. Pitisha kidole kwenye jani, kikiteleza usilipie mng'aro. Chungu kisicho na tundu weka miavuli. Au omba kipande kwa jirani: mimi nilikata ncha ya juu, nikaosha utomvu, nikakunja jani lake kama sigara nikalifunga ili lisipoteze maji, nikachomeka kwenye mchanga na makumbi, na kimeshika. Dada wa saluni anakitaka. Yule mama wa dera la zambarau ningempa bure, ningejua anapokaa, nimpelekee kwa mikono yangu hii miwili.

Mpira mkubwa una majani saba sasa. Nimeurudisha kwenye kile chungu cheupe, uko dirishani, chini nimeweka kisahani, nikimwagilia maji yanashuka yanatulia pale nayamwaga. Nimempa mtu nyota moja na sijutii. Tundu lenyewe lakini, nisiwe mwongo, kalitoboa vizuri.